Arseniki mahakamani: siku mkemia alipotakiwa kujipima mwenyewe

Arseniki nyeupe haina harufu, na ndani ya kahawa ladha yake haitambuliki. Katika Ulaya ya karne ya 19 iliuzwa madukani kama sumu ya panya, na aliyelishwa alitapika na kuhara kama mgonjwa wa kipindupindu. Daktari angejuaje?

Mwanzoni mwa miaka ya 1830, mkemia James Marsh wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, Uingereza, aliitwa kupima ushahidi katika kesi ya John Bodle, kijana aliyeshtakiwa kumuua babu yake. Alipitisha gesi ya haidrojeni salfaidi kwenye sampuli, yakatokea mashapo ya manjano, yaani chembe ngumu zinazotuama kwenye kimiminika: sumu ipo. Lakini yalipofika mbele ya jopo la waamuzi wa kesi yalikuwa yamekwisha kuharibika, na mshtakiwa akaachiwa. Mwaka 1836 Marsh akachapisha njia mpya. Sampuli inatiwa zinki na asidi. Haidrojeni inayozalishwa huigeuza arseniki kuwa gesi ya arsini. Gesi hiyo ikiwashwa, na mwali wake ukaelekezwa kwenye kaure baridi, huacha doa jeusi linalong'aa kama kioo, hata arseniki ikiwa chini ya sehemu ya kumi ya miligramu.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi. Mimi naona shida ndiyo kwanza ilianza. Zinki na asidi za enzi zile mara nyingi zilikuwa na arseniki tayari, na antimoni, elementi nyingine, nayo huacha doa linalokaribia kufanana. Kwa kipimo chenye makali namna hiyo, mtu angeweza kufungwa kwa sumu iliyotoka kwenye chupa ya mkemia!

Mwaka 1840, mjini Tulle, Ufaransa, Marie Lafarge alishtakiwa kumuua mumewe. Wataalamu wa huko walitoa majibu yanayopingana, akaitwa Mathieu Orfila, mtaalamu wa sumu kutoka Paris. Alipata arseniki mwilini mwa marehemu, kisha akaeleza kwamba haikutoka kwenye kemikali zake wala kwenye udongo uliozunguka jeneza. Hukumu ile ilibishaniwa miaka mingi, ila swali alilolijibu ndilo lililoijenga fani yetu ya uchunguzi wa kikemia. Ndiyo sababu leo maabara hupima pia sampuli tupu: kemikali zilezile, vyombo vilevile, bila kile kinachotafutwa. Sampuli tupu ikionyesha arseniki, majibu ya kundi zima la sampuli zilizopimwa pamoja nayo hayatoki.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mkemia Carl Remigius Fresenius alifungua maabara ya kufundishia Wiesbaden, Ujerumani, mwaka 1848, na mwaka 1862 akaanzisha jarida la kwanza la uchunguzi wa kikemia. Mwaka 1894 mkemia Wilhelm Ostwald akaeleza, kwa nadharia ya ioni (chembe zenye chaji ya umeme), kwa nini mashapo hutokea. Kabla yake mengi yalifuatwa kwa mazoea tu.

Arsini yenyewe haijastaafu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za arseniki kwa lita, na maabara nyingi hufika huko kwa kuigeuza arseniki kuwa arsini kwanza, kisha mashine ikapima mwanga unaofyonzwa na atomi zake. Vifaa vya kupimia kisimani hutumia gesi hiyohiyo kubadili rangi ya karatasi yenye zebaki bromaidi. Suala hili linatuhusu: katika maeneo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, Tanzania, tafiti zimekuta arseniki kwenye baadhi ya vyanzo vya maji. Ukiletewa majibu ya kisima chako, muulize mchunguzi sampuli tupu ilisomaje. Ana wajibu wa kukuonyesha.