Kilwa Kisiwani: anza na maji, saa itafuata

Kila wiki napata meseji ya aina moja. "Kaka, nataka nije Kilwa Jumamosi asubuhi niangalie magofu, jioni nigeuze Dar, inawezekana?" Inawezekana bana, kama unachotaka ni picha moja mbele ya ukuta halafu usingizi wa kwenye basi. Mimi kazi yangu ni kuongoza wageni (wenzangu wa mjini wanajiita tua gaidi, mimi hilo neno la pili silitaki karibu na jina langu), na swali la kwanza ninalomuuliza mtu sio una siku ngapi wala una hela kiasi gani, namuuliza tarehe, kisha naenda kuangalia mwezi uko wapi.

Maana magofu yenyewe yako kisiwani, unavuka kwa boti, na huku ratiba anaipanga bahari. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi kuliko jana yake, kwahiyo yule rafiki yako aliyekwambia "sisi tulivuka saa tatu, palikuwa poa tu" alikuwa sahihi kwa siku yake, sio kwa siku yako. Halafu kuna bamvua na maji mafu. Bamvua ni pale mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti inapita mita tatu. Maji mafu ni zile siku za nusu mwezi, bahari imetulia, haiendi mbali. Sasa kitu ambacho wageni wengi hawakijui ni kwamba pwani yetu hii siku za bamvua maji yanakuwa yamejaa alfajiri na tena jioni, na kwenye saa nne asubuhi, muda ambao mtalii ndio kamaliza chai anatafuta kofia yake, yameshatoka. Siku za maji mafu ni kinyume, asubuhi hiyo hiyo unayakuta yamejaa. Kwahiyo ukiniachia nikuchagulie mimi, nitakupa nusu mwezi.

Kisiwani penyewe hapana shida sana, kutoka gatini Kilwa Masoko, mji wa upande wa bara, ni karibu, boti ya mashine ni dakika 10 au 15, unauona ukuta wa Gereza tangu ukiwa ng'ambo. Ila usiruke kwenye boti ya kwanza inayokuita. Anzia ofisi ya wanaosimamia magofu pale Masoko, lipa kibali, chukua risiti, na kama ni raia beba kitambulisho kwasababu raia na mgeni wa nje hawalipi sawa. Usipokuwa na kibali utarudishwa, na nahodha hatakurudishia nauli. Kuhusu laifu jaketi, omba kabla hujakaa, sio mkiwa katikati. Na vuka asubuhi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti maana upepo wa kusi ukikaza mchana utalowa mpaka simu.

Ukishuka cha kwanza ni Gereza. Wareno walijenga ngome hapa 1505, mwaka ambao kikosi cha Francisco de Almeida kiliuteka mji na kuupora, ila hili jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, wao walikuja kujenga upya kwenye miaka ya 1800 mwanzoni. Jina nalo lina kituko chake, wataalamu wa lugha wanasema neno gereza limetoka kwenye Kireno igreja, yaani kanisa. Sasa kanisa lilifikaje kuwa jela, hapo kila mgeni ana nadharia yake na mimi huwa nawaacha tu wabishane. Ukuta wa upande wa bahari umeliwa na mawimbi, na mmomonyoko huo ni moja ya sababu zilizofanya UNESCO, ambao waliiandikisha Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara 1981, waiweke kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004. Ilitolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Usipande juu ya kuta. Nasema hivi kwasababu watu wanapanda.

Msikiti Mkuu ndio sehemu ambayo watu wanapita haraka kuliko inavyostahili. Wanaingia, wanapiga picha zile nguzo na matao, wanatoka. Tulia. Upande wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, karne ya 11 hadi 12, hauna paa. Upande wa kusini wenye kuba na matao uliongezwa karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukaja kuanguka, ukajengwa tena karne iliyofuata. Sogea ukutani uangalie jiwe. Ukuta wa kawaida ni jiwe gumu la matumbawe ya kale, linakwaruza, halina mpangilio, limefungwa kwa chokaa. Halafu nenda kwenye kibla, pale palipochongwa vizuri, uso uwe karibu kabisa, utaona jiwe laini lenye vitundu vidogo vidogo kama limetobolewa kwa sindano. Hilo lilikatwa likiwa bichi baharini, likachongwa kabla halijakauka, maana likishakauka linakuwa gumu. Yaani fundi alikuwa na haraka, na bado mistari imenyooka vile. Na chokaa yenyewe ni matumbawe pia, yamechomwa. Mji mzima umetoka majini ukiufikiria vizuri.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa 1331 na akausifia mji kuwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri. Ila kaandika kwamba nyumba zake ni za mbao! Hapo huwa nawaona wageni wanageuka kuangalia mawe wananitazama mimi. Sultani aliyemkuta ni huyo huyo al-Hasan, ambaye watu walimpa jina Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa.

Husuni Kubwa iko kama kilomita moja na nusu mashariki, kwenye mwinuko juu ya bahari. Kwa mguu jua linakupiga, beba maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani. Maji ya bahari yakiwa yamejaa nahodha anaweza kukuzungusha mpaka chini yake, yakiwa yametoka utatembea kwenye matope na mizizi ya mikoko, chagua. Ni jumba la vyumba zaidi ya 100, na kile ambacho kila mtu anakitafuta ni bwawa lake la pande nane, liko wazi linaangalia anga. Kaa pale ukingoni jioni kidogo, kabla sijaanza kukuharakisha turudi.

Pesa ya huo ukubwa ilitoka kwenye dhahabu ya Sofala, kusini kule Msumbiji ya leo, ikipitia mikononi mwa Kilwa kwenda Uarabuni na Uhindi. Kilwa walikuwa wanapiga sarafu zao wenyewe za shaba. Moja imepatikana Great Zimbabwe, na 1944 askari mmoja Mwaustralia aliokota tano huko visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zilifikaje hakuna anayejua. Kwahiyo mtu akikufuata kijijini na sarafu au kipande cha kauri ya Kichina anakuuzia, usinunue, na ukikikuta chini mwenyewe kiangalie ukirudishe palepale. Ni kosa kisheria kuondoka nacho, na mimi nitakukasirikia.

Kisiwani wanaishi watu, sio jumba la makumbusho. Unapita uani kwa mtu, piga hodi, wazee wape shikamoo yao, vaa kitu kinachofika magotini na mabega yawe yamefunikwa. Picha za watu uliza kwanza.

Songo Mnara sasa, huko ndiko maji yanakuadhibu. Ni safari ndefu zaidi, boti haifiki mpaka kwenye magofu, na maji yakiwa yametoka unashuka mbali unatembea kwenye mikoko. Vaa viatu vya kufunga ambavyo hutavilalamikia vikilowa, ndala zitabaki kwenye matope na chaza watakukata. Miaka ya nyuma niliwapeleka wageni wanne siku ya bamvua, tukaondoka giza bado halijaisha, tukafika vizuri, tukakubaliana saa mbili kamili asubuhi tuwe botini. Mmoja akaomba dakika kumi za picha. Nikampa, kosa langu. Tulivyofika boti imelala ubavu juu ya matope kama ng'ombe aliyechoka, nahodha amelala kivulini wala hakuniangalia. Tulikaa mpaka saa saba mchana, watu watano na chupa mbili za maji. Tangu siku hiyo nina jerikeni ya akiba kila safari, na dakika kumi simpi mtu.

Lakini aisee nenda. Ni mji wa karne ya 14 na 15 wenye nyumba ambazo bado unaziona ni nyumba: baraza, ua, chumba cha ndani, shubaka za ukutani. Kuna paa moja la tao, ukiinua kichwa unaona mashimo ya duara yamepangwa, zamani kila shimo lilikuwa na bakuli la kauri limepachikwa. Wageni wakifika hapo wananyamaza wenyewe.

Kufika Kilwa: kutoka Dar ni kama kilomita 300 kwa lami, mabasi ya kusini yanapita Mbagala, hakikisha lako linaingia Masoko, la sivyo utashushwa Nangurukuru njia panda utafute usafiri mwingine. Epuka Machi katikati mpaka Mei. Masika barabara inaweza kukatika, Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilivyopita ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama njiani. Beba hela taslimu, usitegemee kadi. Lala usiku wa kwanza, vuka Kisiwani kesho yake, Songo Mnara keshokutwa, kwahiyo siku tatu.

Ukibaki na nusu siku nenda Kivinje, mji wa karne ya 19 wa misafara ya pembe za ndovu na watumwa, boma la Wajerumani linaoza taratibu mbele ya bahari. Waulize wenyeji wakupeleke Mwembe Kinyonga, walipokuwa wakinyongewa wapiganaji wa Maji Maji. Huko huhitaji boti, nenda saa yoyote.