Utando niliokuwa nikiukwangua

Mjomba wangu ni fundi baiskeli Ngamiani, hapa Tanga. Kwake yeye mishipa ya damu ilikuwa kama tyubu anazoziba pancha kutwa: mpira wa kupitishia kitu, basi. Nami nilianza masomo ya fiziolojia nikiamini hivyohivyo. Kilichonigeuza ni kipete cha mshipa wa panya, upana wake milimita tatu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Unatoa mshipa mkuu wa panya, unauondoa mafuta chini ya hadubini, unaukata vipete. Kila kipete unakitundika kwenye nyaya mbili nyembamba ndani ya maji yenye chumvi na sukari, nyuzijoto 37, huku yakipulizwa oksijeni. Waya mmoja umeunganishwa na kifaa kinachopima mvuto. Ukitia dawa ya kukaza mshipa, mstari kwenye skrini unapanda. Ukitia asetilikolini, kemikali ya kulegeza mshipa, unapaswa kushuka. Wangu haukushuka. Kwa wiki mbili nilibadilisha dawa, nikachanganya maji upya, usingizi ukanipaa. Siku moja msimamizi wangu alisimama nyuma yangu, akanitazama ninavyopitisha waya, kisha akanishika mkono. “Binti, unaukwangua.”

Nilichokuwa nikikwangua ni endotheliamu, utando uliotandikwa ndani ya kila mshipa, unene wake seli moja tu.

Robert Furchgott, mtafiti wa Brooklyn, Marekani, alipita humohumo kabla yangu. Kwa miaka mingi vipande vyake vya mshipa wa sungura vilikuwa vikijikaza kwa asetilikolini, ilhali ndani ya mnyama mzima dawa hiyo hupanua mishipa. Mwaka 1980 yeye na John Zawadzki wakachapisha jibu: utando ukiwapo mshipa hulegea, ukikwanguliwa haulegei. Walifanya na jaribio ninalolipenda kuliko yote. Walichukua kipande kilichokwanguliwa, wakakilaza uso kwa uso na kipande chenye utando wake. Kile kilichokwanguliwa nacho kikalegea. Kuna kitu kilivuka kutoka huku kwenda kule!

Kitu hicho kilijulikana mwaka 1987, katika kazi za Salvador Moncada na wenzake na za Louis Ignarro: ni gesi, naitriki oksaidi. Ferid Murad alikuwa ameshaonyesha miaka kumi nyuma kwamba nitrogliserini, dawa ya zamani ya maumivu ya moyo, hutoa gesi hiyohiyo. Tuzo ya Nobeli ya tiba ya 1998 wakapewa Furchgott, Ignarro na Murad. Moncada akaachwa, na mimi naona hakutendewa haki.

Ujumbe wenyewe husafiri namna hii. Asetilikolini inashika kipokezi, yaani sehemu ya kupokea ujumbe, kwenye seli ya utando, kalsiamu inapanda ndani ya seli, na kimeng'enya kinaanza kutengeneza naitriki oksaidi kutokana na arijinini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Gesi haihitaji mlango. Inapenya hadi seli ya msuli iliyo jirani, inaamsha kimeng'enya kingine kinachotengeneza saikliki GMP (kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya seli), kalsiamu ya msuli inashuka, msuli unalegea, damu inapita. Sekunde chache baadaye gesi haipo. Wenyeji wa Tanga tunasema waja leo, waondoka leo; hii haingoji hata jua lisogee. Na ni heri iwe hivyo, maana agizo lisilofutika lingeuacha mshipa umelegea moja kwa moja.

Miaka ya mwanzo nilishughulika na presha tu. Kilichonirudisha nyumbani ni malaria. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa kadiri malaria inavyokuwa kali, ndivyo naitriki oksaidi inavyopungua mwilini. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba watoto wenye malaria iliyopanda kichwani wana arijinini kidogo kwenye damu. Chembe nyekundu zinapopasuka, himoglobini inayomwagika, ile protini nyekundu ya kubeba oksijeni, nayo huimeza gesi. Na vimelea wenyewe huziganda kuta za mishipa: utafiti wa 2013, uliotumia sampuli za watoto wa Kitanzania, uligundua kuwa wanaoleta malaria kali hung'ang'ania kipokezi cha protini C, protini inayozuia damu kuganda, palepale kwenye utando. Niliposoma hayo nilifungasha. Kwangu ugonjwa huu tangu hapo ni ugonjwa wa mishipa pia, na naamini wodini haupewi nafasi hiyo ipasavyo.

Juzi nilimweleza mjomba yote hayo, naye anapiga msasa tyubu.

“Sasa mpwa wangu, utando huo mtu anautunzaje?”

Nikamwambia aache sigara, moshi huiharibu gesi kabla haijafika kwenye msuli. Na baiskeli asiiache: damu ikienda kasi husugua utando, na utando hujibu kwa kutoa naitriki oksaidi.

“Husugua kama waya wako?”

“Hapana mjomba. Damu husugua kwa ulaini, ikienda upande mmoja. Ukizitazama seli za utando kwenye hadubini, zimerefuka na kulala zote kufuata damu inakokwenda.”