Je, bustani za kando ya mto huleta mafuriko?

Ujumbe unaosambazwa mara kwa mara katika makundi ya gumzo hudai kwamba kuunganisha bustani na njia za miguu kandokando ya mito ya mjini huleta mafuriko, na kwamba mto salama ni ule ulionyooshwa na kujengewa kuta za zege. Dai hilo si sahihi.

Zege huyaharakisha maji, haliyapunguzi. Yanayoondoka upesi mtaa wa juu huufikia upesi mtaa wa chini. Ukingo wenye nyasi, miti na uwanda wazi huyapunguza kasi na kuyapa nafasi ya kutanda, na sehemu yake hunywea ardhini. Nchini Singapore, mfereji wa zege wa kilomita 2.7 kwenye mto Kallang uligeuzwa kuwa mto wenye kona, wa kilomita 3.2, ndani ya bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2012. Mvua kubwa ikinyesha, bustani hiyo hupokea maji. Yakipungua, watu hurudi kutembea.

Mkanganyiko huanzia hapo hapo, kwa kuwa picha ya njia iliyozama huonekana kama ushahidi wa kushindwa, ilhali ilibuniwa izame. Anayetaka kuhakiki aulize picha ilipigwa wapi na lini, kisha atazame kama nyumba zilizo nyuma ya bustani zimeguswa na maji. (Bustani haitibu kila kitu: daraja finyu lililozibwa na taka bado litafurika.) Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiutume kwa mwingine.