Mjukuu akija Ijumaa, dawa za babu zihame

Mimi ni mfamasia, na sasa ni bibi pia. Kila mzee anayekuja kuchukua vidonge vyake namwuliza swali moja: "Nyumbani unaviweka wapi?" Jibu nalijua kabla hajalitoa. Chini ya mto, kwenye kopo kando ya redio, au pindoni mwa khanga. Nyumba ya wazee imepangwa kwa ajili ya watu wanaoumwa magoti. Kila kitu kiko chini, karibu na kitanda, yaani kwenye kimo hasa cha mtoto wa miaka miwili.

Dawa ninayoiogopa zaidi ni ya sukari, hasa glibenklamidi. Kidonge kimoja tu kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo mpaka akapata degedege. Ubaya wake ni kwamba si lazima kionyeshe papo hapo. Mtoto anaweza kucheza mchana kutwa, halafu usiku akatoka jasho na kulegea, ninyi mkadhani ni usingizi wa uchovu.

Nayasema yaliyonikuta. Mwaka jana binti yangu alituletea mwanawe Morogoro kwa treni ya SGR Ijumaa jioni, akarudi Dar. Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nakoroga uji, nyumba ikawa kimya. Mlezi yeyote anakijua kimya kile. Nikamkuta chumbani, ameketi sakafuni na bahasha ya vidonge vya babu yake mapajani, imefunguka. Nikampitisha kidole ufizini, hamna kitu. Tukahesabu: tisa. Babu akasema vilikuwa tisa. Kisha akasema, labda kumi.

Hiyo "labda" ndiyo iliyotupeleka hospitali, na bahasha tukaibeba. Jirani alishakuja na kikombe cha maziwa. Nikakataa, wala sikumtapisha mtoto. (Kwa mafuta ya taa ndiyo usithubutu kabisa kumtapisha, maana yakipanda yanaingia mapafuni. Na tafadhali, msiyatie kwenye chupa ya soda.) Alilazwa, akawa anatobolewa kidole kupimwa sukari usiku kucha. Haikushuka. Mimi ndiye niliyeshukiwa na presha.

Siku hizi Ijumaa mchana, kabla mgeni hajafika, dawa zote zinapanda juu ya kabati la nguo, ndani ya sanduku lenye kufuli. Mkoba wangu pia unapanda. Babu amekatazwa kuviita vidonge vyake pipi. Alikuwa anafanya utani huo, na mtoto hajui utani.

Jambo jingine ni parasetamoli ya maji. Mama akimpa mtoto saa kumi na mbili asubuhi, bibi akamwongeza saa mbili kwa kuwa paji bado lina moto, hapo tayari amezidishiwa. Kati ya dozi na dozi zipite angalau saa nne, na zisizidi nne kwa siku. Binti yangu sasa huandika saa na mililita kwenye karatasi, anaibandika kwenye chupa. Na kijiko cha jikoni si kipimo. Tumia kikombe kilichokuja na dawa.

Ile Jumapili jioni, mama yake alipokuja kumchukua, babu alivaa viatu awasindikize stesheni. Akasimama, akavua cha kulia, akakikung'uta mlangoni. Kidonge cha kumi kikaanguka.