Si kwamba asidi yako imeishinda dawa

Wiki hii nimeambiwa tena na mgonjwa: "Daktari, asidi yangu ni kali mno, hizi omeprazoli zimeshindwa. Niandikie kitu chenye nguvu." Alikuwa ameshajipandishia mwenyewe dozi ya dawa hiyo ya kupunguza asidi ya tumbo, kapsuli mbili kila usiku, na kiungulia kiko palepale. Nimechoka kuchora tumbo nyuma ya karatasi za vipimo, kwa hiyo safari hii naandika.

Wengi wenye kiungulia hawana asidi ya kupita kiasi. Wana asidi ya kawaida iliyopanda mahali isipotakiwa kwa sababu mlango wa chini wa umio (njia ya chakula toka kooni hadi tumboni) unalegea ovyo, au kuna ngiri ya kiwambo, yaani sehemu ya tumbo imepenya juu kuingia kifuani. Omeprazoli na ndugu zake hazigusi mlango huo. Kinachopanda kitaendelea kupanda, ila kikiwa kimepunguzwa ukali. Ndiyo maana mtu anameza dawa vizuri kabisa, anainama kufunga viatu, na chakula kinamrudia hadi kooni. Dawa imefanya kazi yake. Kazi ya mlango haikuwa yake.

Sasa suala la saa, linalonimalizia subira. Dawa hizi hazikai kwenye damu kwa muda mrefu. Nusu yake huondoka ndani ya saa 1 hadi 2. Katika kadirisha hako kadogo zinaziba pampu za asidi, vijimashine vya ukuta wa tumbo vinavyoitoa, tena zile zilizo kazini tu, na pampu iliyolala haiguswi. Kinachoziamsha ni chakula. Ukimeza nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, dawa inafika pampu zikiamka. Ukimeza unapopanda kitandani, bila chakula cha kuziamsha, ndiyo imepita hivyo. Tena pampu mpya zinatengenezwa kila siku, hivyo nguvu kamili huja baada ya siku 3 hadi 5 za kumeza bila kuruka. Kuisubiri hadi kifua kiwake ndipo uimeze ni kuionea.

Nilimwomba yule mgonjwa anionyeshe anavyomeza. Akafungua kapsuli, akamwaga chembe kiganjani, akaanza kuzitafuna. "Ili ziwahi." Chembe zile zimevikwa ganda kwa sababu dawa hii ya asidi huharibiwa na asidi ileile, inabidi ivuke tumbo salama, inyonywe kwenye utumbo, kisha irudi tumboni kwa njia ya damu. Yeye ganda alikuwa analivunja kwa magego.

Ini nalo lina neno. Kuna watu ambao kimeng'enya chao cha ini kiitwacho CYP2C19 (kinachovunjavunja dawa) huisaga omeprazoli upesi mno, na wengine huisaga polepole, wakafaidi zaidi kwa dozi ileile. Rabeprazoli, mmoja wa ndugu wa omeprazoli, haikitegemei sana kimeng'enya hicho. Mara nyingi nabadilisha tu dawa bila kupima vinasaba, na mgonjwa akipata nafuu siwezi kuapa kwamba ini ndilo lililokuwa tatizo. Huenda safari hiyo alianza kumeza kwa wakati.

Kisha kuna wale tunaowapitishia mrija puani, tunawapima saa 24, na asidi kwenye umio inaonekana ya kawaida. Wanaungua kweli, hawaigizi. Mishipa ya fahamu ya umio ndiyo inayopiga kelele kwa jambo dogo. Kuwaongezea dozi ni kumpiga mtu asiyekuwepo. Na nikiri: mpaka kati ya kundi hili na wenye asidi halisi haunyooki kama vitabu vinavyouchora. Wapo wenye vyote viwili, na nimewahi kuwaongezea dozi nikiwa nabahatisha.

(Anayekwamwa na chakula, anayekonda au kutapika damu asipoteze muda hapa. Akaangaliwe kwa kamera.)

Yule mgonjwa nimemrudisha kwenye kapsuli moja, nzima, nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Ameondoka amenuna. Nadhani alitaka sindano.