Fremu ya Kaboni ya Bei Nafuu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Tangu hapo, hapa Kampala nakutana na vijana wengi ambao hawaridhiki tena na baiskeli ya mtumba ya alumini. Wanataka kaboni. Fremu ya kampuni kubwa hawaiwezi, basi wanaangalia ile inayouzwa moja kwa moja kutoka China kwa bei ya chini sana, kisha waijenge wenyewe, kifaa kimoja kimoja, kadiri pesa inavyopatikana.

Mimi nawaunga mkono kabisa. Kinachonisumbua ni maneno wanayolishwa. Wanatishwa pasipo na hatari, na pale penye hatari wanaambiwa wasijali. Nyuzi za kaboni si adui yao. Baiskeli ya namna hii huharibiwa na vipimo visivyolingana, na mkono wa yule anayekaza bolti.

"Kaboni ya China ni feki"

Sehemu kubwa ya fremu za kaboni duniani hutengenezwa China na Taiwan, zikiwemo nyingi zenye majina makubwa ya Ulaya na Marekani. Kazi yenyewe inafanana kila mahali: shuka za nyuzi zilizokwisha kulowekwa resini ya epoksi hukatwa vipande, hupangwa kwa mkono tabaka juu ya tabaka, huingizwa kwenye kalibu na kuokwa kwa joto na mgandamizo. Fremu nzuri na mbaya hutofautiana kwa jinsi matabaka yalivyopangwa na kwa ukaguzi baada ya kutoka tanurini.

Feki ipo, na ni kitu kingine. Ni fremu iliyobandikwa jina la kampuni maarufu ambayo haikuitengeneza. Hiyo iache hata ukipewa nusu bei, kwa sababu aliyeficha jina lake hatajibu siku foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ikikatika. Nunua kwa mtengenezaji anayeuza kwa jina lake mwenyewe, mwenye waendeshaji waliokaa na fremu zake kwa muda, na anayekubali kukuonyesha ripoti ya majaribio ya ISO 4210, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli. Soma ripoti hiyo imepima fremu ipi na foku ipi. Ripoti ya modeli nyingine haikusaidii.

Kwa anayetaka kushindana kuna sharti la ziada. Tangu mwaka 2011 modeli mpya za fremu na foku zinazotumika kwenye mashindano ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, lazima ziwe zimeidhinishwa nalo. Kijana anayetamani kufika alikofika Charles Kagimu, aliyeiwakilisha Uganda kwenye mbio za barabarani za Olimpiki ya Paris 2024, atafute modeli yake kwenye orodha ya UCI kabla ya kutuma hata shilingi moja.

"Chukua T1000, hiyo ndiyo kaboni yenyewe"

Hapa wauzaji wanakula pesa za watu. T700, T800 na T1000 ni majina ya nyuzi za kampuni ya Toray ya Japani. T700S ina nguvu ya kuvutwa ya megapaskali 4,900, T800S ina 5,880 na T1000G ina 6,370. Ukiona tarakimu hizo unadhani T1000 ni ngazi ya juu kwa kila kitu. Lakini angalia ugumu, yaani namna uzi unavyokataa kurefuka unapovutwa: T700S ni gigapaskali 230, na T800S na T1000G zote mbili ni 294. Kwa ugumu ni sawasawa. Na ugumu ndio mguu wako unaousikia unapokanyaga pedali kupanda kilima.

Isitoshe, fremu haijengwi kwa aina moja ya uzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Pale panapogongwa huwekwa uzi unaovumilia, panapohitaji kukaza huwekwa mgumu zaidi, na mwelekeo wa kila tabaka una maana kubwa kuliko jina lake. Fremu ya T700 iliyopangwa na mhandisi anayejua kazi ni bora kuliko ya T1000 iliyopangwa ovyo. Ukishapakwa rangi, uzi hauonekani. Unachonunua ni neno la muuzaji. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili iweke kwenye matairi.

"Ikikaa juani inalainika"

Hailainiki. Resini ilishaokwa kwenye joto ambalo jua la Uganda halilifikii, na rangi ya juu inazuia miale isiichakaze. Joto lina madhara kwenye rimu za kaboni zenye breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu: ukishuka kutoka milimani Kapchorwa huku umeshikilia breki muda wote, rimu ya bei rahisi inaweza kupata moto hadi resini ikalegea. Kwa breki za diski jambo hilo halipo.

Kinachostahili wasiwasi zaidi ni jasho na mvua. Nguzo ya kiti ya alumini ikikaa ndani ya kaboni yenye unyevu na chumvi, alumini huliwa, huota unga mweupe, na nguzo hunata isitoke tena. Kila msimu wa mvua ukiisha, ivue, ifute, ipake upya ile pasta ya mshiko nitakayoieleza chini, irudishe.

"Fremu ni rahisi, basi baiskeli itakuwa rahisi"

Anza na kodi. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, haihesabu bei ya fremu peke yake. Huongeza usafirishaji na bima, na juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru ndipo inakuja kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Fremu ni boksi kubwa jepesi, na ndege hutoza nafasi pia, kwa hiyo usafirishaji wake si pesa ndogo. Anayekushauri uandike thamani ya uongo kwenye karatasi hatakuwepo mzigo ukizuiwa Entebbe.

Kisha vifaa. Mpango wa wengi ni huu: nanunua baiskeli ya zamani ya mbio, fundi ananihamishia kila kitu kwenye fremu mpya. Mpango mzuri, ila baiskeli nyingi za mtumba zina breki za rimu, na haba yake ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya upana wa milimita 130 yenye ekseli ya kufungua kwa mkono. Fremu mpya nyingi ni za diski, nyuma zinataka haba ya milimita 142 yenye ekseli nene ya milimita 12 inayopita ndani. Magurudumu yale hayaingii. Breki zile hazina pa kufungwa. Kinachoweza kuhama ni usukani kama kipenyo kinalingana, krenki, kibadilisha gia cha nyuma na vishikio vya breki, ambavyo vinaweza kuvuta diski za kebo. Magurudumu na breki ni lazima ununue, na hapo bajeti hupasuka.

Kabla ya kuagiza, uliza pia kama fremu inapokea gia za kebo. Zipo zilizotobolewa kwa gia za umeme tu. Na kama nyaya zote zinapita ndani ya usukani na shingo ya fremu, jua kwamba siku ya kubadilisha beringi za shingo itabidi mabomba ya breki yafunguliwe, yarudishwe, na mafuta yatolewe hewa upya. Kwa vumbi jekundu tunaloishi nalo na mvua za Machi na Oktoba, beringi hizo zitabadilishwa mapema. Mimi ningechagua fremu ambayo nyaya zinaingilia kwenye bomba la chini, ingawa haipendezi sana pichani.

Na makazi ya krenki: chagua yenye nyuzi za skrubu za kawaida, upana wa milimita 68. Zile za kusukumiwa beringi bila skrubu zinahitaji shimo lililochongwa kwa usahihi mkubwa, na usahihi ndio kitu cha kwanza kupunguzwa kwenye fremu ya bei nafuu. Shimo likipwaya kidogo tu, baiskeli italia kila mkanyago, na hakuna grisi itakayoitibu. Kumbuka upande wa mnyororo nyuzi zake zinakaza kinyume. Nimemwona fundi hodari, mwenye miaka mingi kwenye baiskeli za chuma, akisukuma upande huo hadi nyuzi zikaanza kung'oka.

Agiza na vishikio viwili vya akiba vya kibadilisha gia, vile vya alumini vinavyofungwa mwisho wa fremu. Vimekusudiwa kupinda ili fremu ipone. Kila fremu ina umbo lake, na Kampala hutakipata cha kwako dukani.

"Kaza mpaka mwisho, isilegee njiani"

Kama utasoma sehemu moja tu, soma hii. Mafundi wetu wamelelewa na Roadmaster na baiskeli nyingine za chuma zinazobeba magunia ya mkaa na mikungu ya matoke. Chuma kinasamehe. Ukikaza kupita kiasi, kinajikunja kidogo na kazi inaendelea. Kaboni ikibanwa na kola, yaani pete ya kubana, kupita uwezo wake, nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana kwa nje, na ufa hutokea baada ya wiki au miezi, mara nyingi ukiwa kasi.

Bolti nyingi za shina la usukani na kola ya kiti zimeandikwa nyutoni-mita 5 au karibu na hapo. Hizo ni kidogo sana. Kwa spana ya sentimita 10 ni sawa na kuning'iniza mfuko wa sukari wa kilo 5 kwenye ncha yake. Fundi mwenye mkono wa kazi anapita hapo kabla hajasikia kitu. Kwa hiyo nunua spana ya kupimia mkazo kabla ya kununua kishikio cha chupa cha kaboni au miwani. Kikundi kinaweza kuchangia moja. Iende na baiskeli kwa fundi, na usione haya kumwambia, "Mzee, naomba tutumie hii." Fundi mzuri hachukii. Wengi huifurahia.

Halafu usipake grisi pale kaboni inaposhikwa. Grisi inateleza, kitu kinashuka, mtu anakaza zaidi, na hapo ndipo panapopasuka. Kuna pasta maalumu yenye chembechembe zinazoongeza mshiko. Kitu kinakaa kwa mkazo mdogo.

Shingo ya foku ina sheria zake. Ikatwe kwa msumeno wenye meno madogo, taratibu, ikiwa na maji kidogo, nawe umefunika pua na mdomo, maana vumbi la kaboni halifai mapafuni. Ile nati ya nyota inayopigwa nyundo ndani ya foku za chuma na alumini isiingie humo kamwe. Inakwaruza ukuta wa ndani. Tumia kizibo cha kutanuka kilichokuja na foku, kikae pale shina linapobana ili kiutegemeze ukuta. Kifuniko cha juu kazi yake ni kuondoa mchezo kwenye beringi tu. Usukani unashikwa na bolti za pembeni za shina, na hizo hukazwa baadaye, kwa zamu, kidogo kidogo.

"Nyepesi ndiyo yenye mbio"

Tupige hesabu. Mwendeshaji, baiskeli na maji ni kilo 75. Fremu ya bei kubwa imekupunguzia gramu 300. Hiyo ni asilimia 0.4 ya uzito wote. Kwenye mlima wa nusu saa umeokoa sekunde 7 hivi. Kwenye sehemu tambarare za barabara ya Masaka hutaona chochote, kwa sababu huko unapigana na upepo, na sehemu kubwa ya upepo inagonga mwili wako. Fremu yenye nafasi ya tairi za milimita 32 itakupa zaidi kwenye lami yetu yenye mashimo na matuta. UCI yenyewe hairuhusu baiskeli ya chini ya kilo 6.8.

"Ikigongwa kidogo imekwisha" na "ikipasuka fundi wa Katwe ataiziba"

Zote mbili si kweli. Kwa mtikisiko wa kila siku kaboni huvumilia kuliko alumini, haichoki upesi. Kinachoiumiza ni pigo la ubavuni na kubanwa. Mtu anaiweka juu ya paa la taksi, anaifunga kwa kamba za mpira kupitia bomba la juu, safari nzima inasagwa kwenye chuma. Ivue magurudumu, ifunge kwenye nguzo ya kiti na foku, weka godoro chini yake.

Baada ya kuanguka, safisha fremu, angalia kila mkwaruzo kwenye mwanga, kisha gonga polepole kwa sarafu ukielekea palipogongwa. Mlio ukigeuka kuwa mzito pale, huenda tabaka zimeachana. Mlio mzuri lakini hauthibitishi kwamba ni salama.

Bomba la fremu lililopasuka linaweza kutengenezwa: huparuzwa mpaka kwenye nyuzi nzima, hupangwa kaboni mpya kwa mwelekeo ule ule, hulowekwa epoksi na kukaushwa kwa joto. Fila ya bampa na nyuzi za kioo zinazotumika kwenye bodi za magari kule Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, hazifai, kwa kuwa ugumu wa kioo ni kama theluthi moja tu ya kaboni. Mzigo utazunguka kiraka na kupasua pembeni yake. Foku iliyopasuka usiitengeneze, ibadilishe. Kwa hiyo kabla ya kulipia fremu, mwulize muuzaji bei ya foku peke yake, na kama ataendelea kuuza foku hiyo hata baada ya modeli yenyewe kukoma.