Khorramshahr haikuanguka kwa siku moja, na vita haikuishia pale

Ile meseji ya Khorramshahr imerudi tena kwenye magrupu, ile inayosema eti mji huo wa mpakani wa Iran uliangukia mikononi mwa Iraq kwa siku moja bila upinzani, halafu Iran ilipoukomboa vita ya Iran na Iraq ikaisha. Sio kweli jamani, yote mawili.

Iraq ilivamia tarehe 22 Septemba 1980, na mji ulikuja kuanguka mwishoni mwa Oktoba, yaani zaidi ya mwezi mzima wa kupigana mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Ukombozi ulikuwa 24 Mei 1982. Sasa we chukua kalenda tu, vita ilisimama Agosti 1988, hiyo ni miaka sita na ushee baadaye!

Nadhani watu wanachanganya kwa sababu baada ya Khorramshahr majeshi ya Iraq yaliondoka sehemu kubwa ya ardhi ya Iran, ikaonekana kama ngoma imeisha, kumbe Julai 1982 Iran nayo ikavuka mpaka kuelekea Basra, mji wa kusini mwa Iraq. Halafu kuna Abadan, mji jirani kabisa, ambao ulizingirwa lakini haukutekwa, wengi wanaichanganya hiyo miwili. Fungua ramani uone Mto Karun unavyoingia Shatt al-Arab, ule mto wa mpakani, Khorramshahr iko hapohapo na Abadan iko chini yake kidogo.

Kwa hiyo ukitumiwa tena usiiforwadi, mwambie tu aliyekutumia aangalie hizo tarehe.